Ghala la Nchi Lijilishe Kwanza

Fika kwenye posho mill yoyote ya Kitale asubuhi na utamsikia kijana wa mashine akiuliza swali lile lile: "Mama, tukoboe ama tusage hivyo hivyo?" Wengi hujibu bila kufikiri mara mbili: "Koboa, nataka unga mweupe." Mashine inanguruma. Ganda na kiini cha mahindi vinaondoka, unga laini unashuka kwenye debe, na pumba inajaza gunia la pembeni. Jioni pumba hiyo inalishwa ng'ombe na kuku, nao wananawiri. Mtoto wa mwenye mahindi anawekewa ugali mweupe kama pamba, uliobaki wanga na vitu vichache sana.

Tunaanza na mashine hiyo kwa sababu yaliyo pale ndiyo yaliyo kote. Trans Nzoia huitwa ghala la nchi, na kampuni ya Kenya Seed, inayowauzia wakulima mbegu za mahindi, ina makao makuu yake Kitale. Bungoma ina soko la Chwele, ambako malori hupakia vitunguu, nyanya, ndizi na mboga za kulisha miji ya mbali. Mvua tunayo, udongo tunao. Hata hivyo ni vigumu siku hizi kupata ukoo usio na mtu wa presha au sukari.

Maoni yetu ni haya: tunauza kilicho bora, tunabakiza kilicho duni, kisha tunakaa kitako. Afya itarudi majumbani mwetu tukijilisha kabla ya kulisha wengine, na tukiitumia miguu kabla ya kuita boda.

Hatusemi hivi kwa kukisia. Uchunguzi wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila 4 nchini ana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata siku moja. Watu 94 kati ya kila 100 hawakuwa wanakula mboga na matunda ya kutosha. Kisha utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ukakuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzani uliopita kiasi, huku asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka 5 wakiwa wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama aliyezidi uzani na mtoto aliyedumaa, na wote wanapakuliwa kutoka sufuria moja. Tumbo limejaa, mwili una njaa.

Basi tuanze na sahani. Ingia hoteli yoyote karibu na stendi ya Kitale au steji ya Bungoma saa saba mchana. Ugali umesimama kama Mlima Elgon, sukuma wiki imejikunja pembeni, na mchuzi unazunguka chini kama mto Nzoia. Hesabu hiyo igeuzwe. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Robo iwe ugali, viazi, ndizi au wali. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, omena, yai, kuku au nyama. Anayeshinda na jembe shambani ataongeza ugali na hakuna atakayemlaumu, maana mwili wake unauchoma. Anayeshinda kitini dukani, ofisini au darasani hana sababu ya kula kipande cha mwenye jembe.

Ugali wenyewe si adui. Ni chakula chetu, na mtu wa Bungoma hajasema amekula kama hajala ugali. Kosa liko kwenye kukoboa. Kiini cha mahindi kina mafuta mazuri na vitamini, ganda lina nyuzinyuzi zinazosaidia choo na kuzuia sukari isipande kwa ghafla mwilini. Tangu mwaka 2012 sheria inawataka wenye viwanda waongeze madini ya chuma, zinki na vitamini kwenye unga wa paketi. Mashine ya mtaani mara nyingi haiongezi chochote. Kwa hiyo anayekoboa posho mill amepoteza mara mbili: ametoa kilichokuwamo na hajarudishiwa kitu.

Asage hivyo hivyo, basi, lakini kwa akili. Mahindi yawe yamekauka vizuri. Halmashauri ya Nafaka hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kipimo hicho kina maana nyumbani pia, kwa sababu mahindi mabichi ghalani huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Punje yenye kuvu au iliyobadilika rangi itupwe, wala asipewe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita ikafika kwenye maziwa. Asage kidogo kidogo, gorogoro moja au mbili, kwa sababu unga wenye kiini huchacha mapema. Na anayeweza achanganye na wimbi au mtama, kama bibi zetu walivyofanya kabla mahindi hayajatawala mashamba yote.

Kutoka posho mill twende sokoni. Jioni utamkuta mama ameketi juu ya gunia, ungo magotini, akichambua saga jani kwa jani huku akiongea na wateja. Mbele yake kuna mafungu ya managu, mrenda, terere, kunde na mitoo. Mboga hizi zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A kwa wingi, na zinaota hapa bila kubembelezwa sana. Kwa miaka mingi zilidharauliwa zikaitwa chakula cha maskini, na kabichi ikapewa kiti cha heshima. Zirudishwe mezani mara nne au tano kwa wiki. Bei ya soda na mandazi mawili mara nyingi inatosha kununua fungu la mboga na yai.

Namna ya kupika nayo ina uzito. Wengi wetu huchemsha managu na saga mpaka zikalegea kabisa, kisha tunamwaga maji ili uchungu utoke. Maji yale yanaondoka na sehemu kubwa ya vitamini. Musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, hulainisha mrenda vizuri, lakini yakizidi huharibu vitamini hizo hizo, basi kijiko kitoshe. Anayechukia uchungu achanganye managu na terere au amwagie maziwa kidogo, kama ilivyo desturi. Akatie nyanya, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Na chai isinywewe pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Isubiri saa moja hivi, hasa kwa mama mjamzito na msichana anayekua.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuumiza zaidi. Alfajiri, barabara za Cherangany, Kwanza na Endebess zina pikipiki zinazobeba mitungi ya maziwa kuelekea mjini. Ni biashara njema, inalipa karo. Lakini katika maboma mengi yanatoka yote, mpaka tone la mwisho, na mtoto anaamkia chai ya rangi yenye sukari nyingi na kipande cha mkate. Mayai yanakusanywa kwenye trei yanauzwa, na pesa yake inanunua soda ya wageni. Hiyo ni hesabu ya hasara hata kama mfukoni inaonekana faida. Tunashauri kila boma liweke sheria yake ndogo: kikombe cha kwanza cha maziwa ni cha mtoto, na yai moja kati ya kila machache libaki jikoni. Muuza maziwa atapata yaliyobaki.

Wasio na ng'ombe wala kuku wana njia pia. Githeri ni mlo kamili kuliko watu wanavyodhani. Mahindi yana upungufu ambao maharagwe hujaza, na maharagwe yana upungufu ambao mahindi hujaza, kwa hiyo vikipikwa pamoja mwili unapata protini nzuri kwa bei ya chini. Omena, njugu na kumbikumbi wa msimu wa mvua ni protini vilevile, na hakuna aibu yoyote kuvila. Mpangaji wa Matisi au Tuwani asiye na shamba anaweza kujaza gunia udongo na samadi, akalitoboa mbavuni, akapanda sukuma na terere, akanyunyizia maji yaliyosuuza mboga. Kufikia Januari, jua linapowaka na mboga kuwa ghali sokoni, atalishukuru gunia hilo.

Sukari inahitaji maneno ya wazi, hasa katika nchi ya miwa ambako kiwanda cha Nzoia kimekuwa sehemu ya maisha tangu miaka ya 1970. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite vijiko 12 hivi vya chai vya sukari ya kuongezwa kwa siku, na likasema 6 ni bora zaidi. Anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amefika 12 kabla hajagusa soda, na soda ya nusu lita peke yake inakaribia vijiko hivyo hivyo. Apunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, na baada ya mwezi chai ya zamani itamkera.

Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, tukihesabu iliyo kwenye viungo vya paketi, smoki na vibanzi. Anayepika na viungo vya paketi apunguze chumvi ya sufuria. Chupa ya chumvi iondoke mezani. Mafuta yaliyokaangiwa vibanzi mpaka yakawa meusi yamwagwe, na wateja wa vibandani wawe na ujasiri wa kuuliza yamekaangiwa mara ngapi. Pombe nayo, iwe busaa ya sherehe au ya chupa, hupandisha presha na hula pesa ya mboga.

Tumesema ya mdomo. Tuseme ya miguu.

Bodaboda ilizaliwa jirani yetu hapa, mpakani Busia, miaka ya 1960, wakati vijana walipobeba abiria kwa baiskeli wakiita "boda, boda." Mwendeshaji alikanyaga pedali kutwa na miguu yake ilikuwa migumu kama mti wa msunobari. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na baiskeli ikatoweka polepole. Tumepata mwendo, tumepata kazi kwa vijana, na wajawazito wamefika hospitalini usiku wa manane. Hayo tunayashukuru. Lakini sasa mwalimu anabebwa kutoka mlangoni mwake hadi lango la shule, karani anabebwa kutoka Kanduyi hadi mjini Bungoma, na mwenye boda mwenyewe anakaa juu ya kiti saa 12, akila mandazi na soda steji. Huyu kijana tunamhurumia kuliko wote. Anabeba kila mtu, na mgongo wake, tumbo lake na moyo wake havina anayevibeba.

Kiasi kinachotakiwa si kikubwa. Ni dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa haraka ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini unakunyima pumzi ya kuimba. Dakika hizo zinaweza kugawanywa kumi kumi. Shuka boda mapema, mwisho wa njia utembee. Nenda dukani kwa miguu. Mwenye boda ashuke kila baada ya abiria kadhaa, anyooshe mgongo, azunguke steji mara tano. Mara mbili kwa wiki tia nguvu misuli: inuka kitini mara kumi bila kushika chochote, beba maji, chimba, pasua kuni. Anayepalilia mahindi kutoka asubuhi hadi saa sita amekwisha kufanya mazoezi yake, na hakuna haja ya kumwambia mtu huyo akimbie barabarani. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayeumwa kifua akipanda mlima, amwone daktari kwanza.

Wala hatukosi pa kutembea. Saiwa, hifadhi ndogo kuliko zote za taifa, iko karibu na Kitale na huzungukwa kwa miguu, si kwa gari. Jumba la Makumbusho la Kitale lina njia ya kutembea ndani ya msitu wake wa asili. Webuye kuna kilima cha Chetambe na maporomoko ya Nabuyole. Bungoma kuna vilima vya Sang'alo. Miteremko ya Elgon ilimlea Ben Jipcho, aliyeleta medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji kutoka Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Alikuwa na hewa ile ile na vilima vile vile tulivyo navyo. Na anayeona mazoezi ni jambo la kigeni akumbuke kamabeka: mabega yanayotikiswa arusini kwa nusu saa bila kupumzika. Hayo ni mazoezi kamili, yana ngoma na furaha ndani yake, na hakuna anayelipia.

Baada ya kula na kutembea kuna kupima. Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka, akijiona mzima, mpaka siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii na kuwapa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Wanapita vijijini kwetu. Mkaribishe ndani, mpe kiti, mnyooshee mkono. Kipimo kikifika 140 juu au 90 chini na kikarudia siku nyingine, nenda kituo cha afya. Ukipewa dawa, zimeze kila siku. Kujisikia vizuri ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha. Wazee wa kanisa na misikiti waweke siku moja ya mwezi, baada ya ibada, watu wapimwe.

Lakini hatutaki mzigo wote uwe wa mwananchi. Serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina wajibu wao, na tunautaja.

Kwanza, njia za watu wa miguu. Mtu hawezi kutembea nusu saa kwa siku ikiwa kila hatua anaruka mtaro au kukwepa pikipiki iliyopanda ukingoni. Barabara pana kama ile ya Kanduyi hadi Musikoma ipimwe pia kwa usalama wa mama anayetembea na mtoto mgongoni. Barabara zinazotoka Kitale kwenda Kiminini na Kapenguria zipate ukingo unaotembeka na taa.

Pili, shule. Mtoto anahitaji dakika 60 za kucheza na kukimbia kila siku. Kipindi cha mazoezi kiko kwenye ratiba, kisigeuzwe kuwa cha hesabu mtihani unapokaribia. Uwanja wa shule ulindwe dhidi ya wanyakuzi.

Tatu, mikutano na semina za kaunti. Saa nne, badala ya soda na mandazi, ziletwe ndizi, nduma, viazi vitamu, njugu na maji. Ni gharama ndogo, mkulima wa hapa atauza, na mfano utaonekana. Mama anayechambua saga sokoni ajengewe kivuli na apewe maji safi, kwa sababu mboga iliyokaa juani kutwa imepoteza sehemu ya uzuri wake.

Nne, vituo vya afya viwe na dawa za presha na sukari bila kukatika, pamoja na vijiti vya kupimia sukari. Kumpima mtu kisha kumwambia dawa zimeisha ni kumtisha bure.

Haya yote yanaweza kuanza wiki hii, na mengi yake hayagharimu kitu. Hakuna anayekuomba uache ugali wala uuze pikipiki. Tunaomba mabadiliko madogo ya kila siku, yafanywe na watu wengi kwa pamoja, mpaka yawe desturi. Hicho kitambi tulichozoea kukiita dalili ya maisha mazuri tukione kilivyo, mzigo wa moyo na magoti.

Kwa hiyo ukifika posho mill na debe lako, kijana akikuuliza, mjibu kwa sauti ili na wa nyuma yako kwenye foleni asikie: saga hivyo hivyo. Kisha weka unga kichwani, urudi nyumbani kwa miguu.